Tela la Marehemu Fosse

Siku ya mnada wa marehemu Merlyn Fosse, bonde zima la Tolla lilihudhuria, kama lilivyohudhuria maziko yake mwezi wa Mei, ila safari hii watu walikuja na hamu ya kula. Akina mama wa kanisa walipanga meza chini ya turubai wakauza soseji ndani ya mkate, na kahawa nyepesi kiasi kwamba ungeweza kusomea gazeti ndani yake. Wanaume wa Wisconsin ya magharibi, huko Marekani, wakiwa mnadani husimama kama ng'ombe wanaongoja mvua: kofia chini, mikono mifukoni, wote wamegeukia upande mmoja. Dalali alipanda juu ya gari la mizigo akauza trekta, akauza mashine ya kukamulia, akauza hata ndoo ya misumari iliyopinda, ambayo majirani wawili waliigombea mpaka wakanuniana.

Kisha akafika kwenye tela.

Lilikuwa tela la kubinua, la kubebea mahindi mabichi yaliyokatwakatwa ya kulishia ng'ombe wakati wa baridi: bodi kubwa la bati jekundu lililokaa juu ya miguu ya mkasi. Ukiliunga kwenye trekta na kufungulia mafuta ya haidroliki, miguu ile hulinyanyua bodi juu kuliko kichwa cha mtu mrefu, kisha bodi hujilaza ubavu na kumwaga kila kitu ndani ya lori. Lilikuwa kuukuu, lakini bado lilikuwa na kazi ndani yake.

"Haya, tela," dalali akasema. "Fremu nzima, matairi yanashika upepo. Nani ananianzishia?"

Mtu alikohoa. Mwingine aliinama kufunga kamba ya kiatu, na kiatu chenyewe kilikuwa buti la mpira.

"Mabwana. Nani?"

Wote walijua. Mwezi wa Mei Merlyn alikuwa ameingia chini ya bodi hilo likiwa juu, apake grisi, na mpira mmoja wa kupitishia mafuta ukapasuka. Basi. Hakuna aliyelitaja jambo hilo tangu siku ya maziko, na hata siku ya maziko lilitajwa kama "ile ajali," kwa sauti ya mtu anayeomba apitishiwe chumvi.

Hawa walikuwa Walutheri, wajukuu wa Wanorwe, watu waliosoma, wasioamini mikosi. Mwaka uliopita tu kanisa lao lilimwalika mmisionari aliyewaonyesha slaidi kutoka Tanzania na kuwasimulia kwamba huko kuna watu wasiothubutu kugusa kitu kilichoua mtu. Walitikisa vichwa kwa huruma, wakachanga fedha nyingi kuliko za Krismasi. Sasa walisimama mbele ya tela la Merlyn, na hakukuwa na hata mmoja aliyekuwa tayari kuliegemea.

"Hata kwa bei ya chuma chakavu?" dalali akauliza.

Kidole kimoja kikanyanyuka. Kilikuwa cha Orlin Skaar, na kusema kweli kidole kilitangulia, Orlin akakifuata. Haukuwa ushujaa. Orlin alikuwa kapera wa miaka hamsini na kitu, anaishi na mama yake na ng'ombe wasiozidi zizi moja, na tangu Mei alikuwa kama shavu lililochomwa sindano ya ganzi kwa daktari wa meno. Alijua shavu lipo. Angeweza kuligonga kwa kidole na kusikia mlio. Ila lilikuwa kama la mtu mwingine. Merlyn alikuwa rafiki yake tangu shule ya msingi. Orlin alikuwa mmoja wa waliobeba jeneza, na alichokumbuka ni kwamba mkono wa jeneza ulikuwa wa baridi.

"Limeuzwa," dalali akasema papo hapo, bila ya moja, bila ya mbili, kama mtu anayefunga mlango upepo usiingie.

Barazani, Ardis, mjane wa Merlyn, alikuwa amefumbata mikono. Alimtazama Orlin, kisha akaingia ndani.

Mama yake Orlin aliitwa Borghild, umri themanini na ushei. Kila asubuhi alisikiliza matangazo ya vifo redioni kama wengine wanavyosikiliza mpira, akishangilia kimoyomoyo kila alipomzidi mtu umri. Kupitia dirisha la jiko aliliona tela likivutwa uani.

"Nini hicho?"

"Tela."

"Naona ni tela. Mimi ni mzee, si kipofu. La nani?"

"Langu."

"Na kabla halijawa lako?"

Orlin akawa anavua buti, la kwanza, kisha la pili, kazi ambayo siku nyingine ilimchukua muda mfupi zaidi.

"Orlin."

"La Merlyn."

Mama akapunguza sauti ya redio, heshima ambayo hata mchungaji hakuwahi kupewa. "Mwanangu, watu wakienda mnadani hurudi na koleo. Hurudi na kreti la chupa tupu. Wewe umerudi na muuaji."

"Lilikuwa rahisi."

"Lazima liwe rahisi. Hata mimi ningetoa na zawadi juu."

"Letu limekwisha, Mama. Ukisimama ndani yake unaona nyasi."

Hilo lilikuwa kweli, na mama alilijua. Bonde lile lilivuna kwa kikoa: Gaylen Hauge alikuwa na mashine ya kukatakata mahindi, na wenzake walileta matela, leo shamba la huyu, kesho la yule, mpaka silo zote, yale maghala marefu ya chakula cha ng'ombe, zijae. Asiye na tela hana cha kuchangia, na asiyechangia havuniwi. Asiyepata kikoa silo yake inabaki tupu. Silo ikiwa tupu, ng'ombe hawaioni Krismasi. Na ng'ombe wakiuzwa, Orlin hakujua angekuwa anaamka saa kumi na moja alfajiri kufanya nini. Hakuna kitu kingine alichokuwa anaamkia.

"Gaylen amesemaje?" mama akauliza.

"Hajasema."

"Hapo ndipo pa kuogopa. Mtu wa hapa akikukatalia hasemi hapana. Anasema 'tutaona,' na wewe unazeeka ukingoja kuona."

Basi Orlin akaanza kulitengeneza. Kila siku baada ya kukamua asubuhi alilisogelea kwa boksi la vifaa, na mikono yake ikafanya kazi huku mwenyewe akiitazama. Sakafu ya bodi ilikuwa imeliwa na kutu kwenye kona, kwa sababu maji ya mahindi yana ukali wa siki. Aliikata sehemu mbovu akachomelea bati nene. Pini za miguu ya mkasi zilikuwa zimeganda kwenye vitundu vyake. Alizilowesha mafuta, akazipiga nyundo, akazilowesha tena, akazipiga tena, mpaka moja baada ya nyingine zikatoka zikilia. Alifungua silinda zote mbili na kukuta sili za ndani, zile pete za mpira za kuzuia mafuta, zimekauka kama pipi iliyosahaulika kwenye koti. Akaweka mpya. Mipira ya mafuta aliitoa yote, mizima kwa mibovu, akafunga mipya. Ule uliopasuka alikuwa ameukuta bado unaning'inia pale pale, mdomo wazi. Aliukunja akautia kwenye pipa la takataka, kisha akautoa, akautundika ukutani kwenye msumari. Hakujua kwa nini. Akaenda kula chakula cha mchana.

Siku moja Gaylen Hauge akapita. Gaylen alikuwa mtu mkubwa, mwenye tumbo lililotangulia kila mahali, na ndiye aliyekuwa mkuu wa kikoa ingawa hakuna aliyewahi kumchagua. Aliegesha gari mbali.

"Unashughulika," akasema.

"Kidogo."

"Matairi si mabaya."

"Si mabaya."

Gaylen akalizunguka tela kwa mbali, kama unavyomzunguka mbwa aliyefungwa na kamba ambayo hujui urefu wake. "Umefikiria kulipaka rangi?"

"Rangi yake nzima."

"Naam. Lakini kijani nayo ni nzuri."

"Trekta yangu nyekundu."

"Basi bluu. Bluu haigombani na mtu."

Orlin akafuta mikono kwenye kitambaa. "Gaylen, mwaka huu tunaanzia kwa nani?"

Gaylen akatazama juu, ambako hakukuwa na hata wingu la kumsaidia. "Tutaona," akasema, akaondoka.

Kesho yake akaja Duane Rude, wa shamba la chini, mwembamba, mwenye tabia ya kuanza mazungumzo katikati.

"Mimi siamini mambo hayo," akasema akiwa bado hajashuka garini.

"Mambo gani?"

"Hayo."

"Sijasema kitu, Duane."

"Ndiyo. Na mimi siyaamini. Ila mke wangu, unamjua."

"Mkeo ndiye anaendesha trekta?"

"Hapana."

"Basi?"

"Basi ndiyo hivyo." Duane akashika usukani kwa mikono yote miwili ingawa gari lilikuwa limezimwa. "Tulikuwa tunafikiria, mwaka huu labda watu wavune wawili wawili. Haraka zaidi. Mimi na Gaylen, kwa mfano."

"Na mimi na nani?"

Duane akafikiri. Alifikiri kwa uaminifu kabisa, uso umejikunja. "Hapo ndipo hatujafika," akasema. "Mke wangu amekutumia biskuti."

Orlin akabaki amesimama na sahani ya biskuti. Alijua kwamba hapa mtu angestahili kukasirika. Aliitafuta hasira kama unavyoitafuta miwani, akipapasa mahali pa kawaida, na hakuipata. Akala biskuti moja. Akarudi kwenye grisi.

Jambo lenyewe lilijitokeza siku aliyojaribu kulinyanyua bodi kwa mara ya kwanza. Aliliunga tela kwenye trekta, akafungulia mafuta, na bodi likapanda taratibu bila kutetemeka, likasimama juu. Lilibaki kupaka grisi viungo vya chini. Orlin akainama kuingia, na mkono wake wa kulia, ambao umekuwa ukifanya kazi hii miaka thelathini, ukanyooka wenyewe pembeni mwa fremu kutafuta mwega. Kila tela la aina hii linazaliwa na mwega: pande la chuma la urefu wa mtu, limepakwa rangi ya njano ili hata mjinga alione, lina tundu mwishoni. Unalisimamisha chini ya bodi, unatia pini, na hapo hata mipira yote ipasuke kwa pamoja bodi halishuki.

Mkono ukashika hewa.

Akatazama. Mahali pa mwega palikuwepo. Mwega haukuwepo. Tundu la pini lilikuwa limejaa kutu na utando wa buibui, na juu ya utando huo kulikuwa na utando mwingine wa zamani zaidi.

Akalishusha bodi. Akaenda kwenye tela lao bovu, lililotelekezwa nyuma ya zizi, auchukue wa huko. Nao haukuwepo.

"Mama," akaita mlangoni, "umeuona mwega wa lile tela la zamani?"

"Uko nyuma ya jiko. Umeshikilia tawi la mtufaha."

"Nani kauweka huko?"

"Mimi nitauweka, na kiuno hiki? Wewe uliuweka, mwaka ule wa matufaha mengi. Usiutoe, tawi litaangukia paa langu."

Orlin akaenda nyuma ya jiko. Mwega ulikuwa pale, wa njano, umechimbiwa kwenye nyasi, tawi limeulalia kama mlevi. Aliutoa akaupima. Ulikuwa mfupi, tela la Merlyn lilikuwa la kampuni nyingine. Akauacha ukiegemea ukuta. Lakini hakuondoka, kwa sababu ile njano ilikuwa inamkumbusha njano nyingine. Chuma kama hiki, kirefu zaidi, na tundu juu. Alikuwa amekiona jana. Alikuwa amekiona juzi. Alikuwa akikiona kila alipokwenda mjini.

Kilikuwa kimeshikilia sanduku la barua la akina Fosse.

Majira ya baridi matatu nyuma, gari la kusukuma theluji lililigonga sanduku lile kando ya barabara kuu likavunja nguzo yake. Merlyn alishika kilichokuwa karibu, akakichimbia, akafunga sanduku juu yake kwa waya. Pale barabarani hupita kila mtu. Gaylen hupita, Duane hupita, mchungaji hupita, mtu wa posta husimama kabisa. Orlin mwenyewe alikumbuka vizuri siku ya kwanza alipokiona. Alipunguza mwendo. Aliwaza, huo si mwega wa tela? Kisha akawaza, atakuwa na mwingine. Kisha akawaza, na hata kama hana, si mwega wangu, akakanyaga mafuta. Katika bonde la Tolla ukiona ghala la jirani linaungua, kwanza unampigia simu kumwuliza kama amekusudia.

Alisimama pale nyuma ya jiko mpaka mama yake akagonga dirisha kumwuliza kama amegeuka mti. Kuna kitu kilikuwa kimemgusa. Alijua kimemgusa. Hakukisikia.

Alasiri akapakia garini nguzo ya mwerezi, koleo na koili ya waya, akaenda kwa akina Fosse. Alikuwa bado anaangalia sanduku la barua wakati Ardis alipoteremka kutoka nyumbani, amevaa koti la marehemu mumewe, mikono ya koti imekunjwa.

"Orlin."

"Ardis."

"Hewa nzuri."

"Si mbaya."

Wakalitazama sanduku wote wawili, kama watu wanaotazama mtoto wa mgeni.

"Umekuja kwa ajili ya huo," Ardis akasema.

"Naam. Nimekuletea nguzo. Mwerezi, hauozi."

"Nilikuwa nangoja kuona nani atakuja." Alisema bila ukali, kama anazungumzia fundi wa friji. "Kadi zote za rambirambi zimepitia hapa. Kila siku nafungua kifuniko, natoa kadi, 'tuko pamoja nawe katika majonzi,' nafunga kifuniko, naangalia chuma hicho. Na yenu niliipata."

"Mama ndiye aliandika."

"Najua. Aliandika kwamba Merlyn alikufa mdogo. Alikuwa na hamsini na nane."

"Kwake huo ni utoto." Orlin akasukuma jiwe kwa ncha ya buti. "Kwa hiyo ulijua."

"Nilimwambia wiki ile ile alipouweka. Merlyn, huo si wa tela? Akasema atanunua bomba, atauhamisha. Nikamkumbusha mara moja tena. Kisha nikaacha, maana sikutaka kuwa mwanamke wa kurudia-rudia." Akavuta koti. "Wewe je? Uliuona?"

"Niliuona."

"Ukamwambiaje?"

"Sikumwambia."

"Kwa nini?"

Orlin akachukua koleo garini. "Haukuwa wangu," akasema.

Ardis akatikisa kichwa taratibu. Kwa desturi ya huko lilikuwa jibu sahihi kabisa, na wote wawili walibaki wakiliangalia likiwa limelala pale barabarani kama paka aliyegongwa na gari.

"Haya, chimba," Ardis akasema. "Nitashika sanduku."

Akachimba. Ardis alilikumbatia sanduku la barua kifuani huku Orlin akitoa mwega ardhini. Ulitoka na donge la udongo mweusi. Akasimamisha nguzo, akashindilia, akafunga waya. Gari moja lilipita, likapunguza mwendo, dereva akanyanyua kidole kimoja kwenye usukani kuwasalimu, likaendelea. Lilikuwa la Duane.

"Huyo naye," Ardis akasema.

"Anataka nilipake bluu. Hapana, Gaylen ndiye wa bluu. Duane anataka tuvune wawili wawili."

"Wewe na nani?"

"Hawajafika hapo."

Ardis karibu acheke. Pua yake ilitoa pumzi fupi. "Waambie, Orlin."

"Nini?"

"Hilo ulilonijibu. Hawaogopi tela, hawa. Ningefurahi kama wangekuwa wanaogopa tela."

"Watasemaje?"

"Hawatasema kitu. Wewe waambie tu. Na garini una nafasi? Friza langu bado limejaa vyakula vya msiba. Chukua sinia mbili. Zote ni za viazi na supu ya uyoga, usisumbuke kuchagua."

Jumapili, baada ya ibada, watu waliteremka kwenye ukumbi wa chini wa kanisa kwa kahawa. Ukutani kulikuwa na picha ya kwaya ya usharika rafiki wa Tanzania, waimbaji wamefungua midomo mpaka mwisho. Ndio watu pekee ukumbini mle walioonekana kupaza sauti. Gaylen na Duane walikaa meza ya kawaida, mbele yao jeli ya kijani yenye karoti ndani. Orlin akavuta kiti.

"Mwega wa Merlyn ndio ulikuwa umeshikilia sanduku lake la barua," akasema. Sauti yake ilikuwa ile ile ya kuagiza mbolea. "Muda wote ule. Mimi niliuona kila nilipopita na sikumwambia. Sasa umerudi kwenye tela, mahali pake. Pini mpya."

Gaylen akakoroga kahawa. Huwa hatii sukari, lakini aliikoroga kwa muda mrefu, upande mmoja, kisha upande wa pili. Duane alisoma leso ya karatasi, ambayo haikuandikwa kitu. Meza ya jirani nayo iliacha kutafuna, na ya pili yake. Mama Borghild, kutoka kwenye kona ya wajane, alisikika akisema, "Ongeza maziwa," na hapo tu kijiko kikagusa kikombe.

"Wanasema itakuwa kavu mpaka Jumatano," Duane akasema hatimaye.

"Nami nimesikia hivyo," Gaylen akasema.

"Mimi nitakuwa shambani Jumanne," Orlin akasema. "Umande ukishakauka."

Gaylen akanyanyua macho, akayashusha. "Tutaona," akasema.

Jumanne, Orlin alikuwa shambani umande haujakauka. Nyumbani alimwacha mama yake mezani, na chini ya kikombe cha mama kulikuwa na kikaratasi chenye namba ya simu ya mnunuzi wa ng'ombe. Hakuna aliyekitaja. Orlin aliiegesha trekta kando ya mahindi, tela jekundu nyuma yake, akakaa. Mahindi yalikuwa yameanza kukauka majani ya chini. Siku chache zaidi na yangekuwa fagio. Akala sandwichi ya mchana asubuhi. Barabara ilikuwa tupu. Aliwazia zizi likiwa halina kitu ndani, akangoja kuona kama wazo hilo litauma. Lilikaa tu pale, kama kiti.

Kisha akasikia injini. Mashine ya Gaylen iliikata kona ya shamba, na nyuma yake Duane na tela lake. Wakasimama. Gaylen akashuka, tumbo kwanza, akaja moja kwa moja mpaka kwenye tela la Merlyn. Hakusalimu.

"Inua," akasema.

Orlin akafungulia mafuta. Bodi likapanda. Akashuka, akasimamisha mwega, akatia pini. Gaylen akaupiga teke. Kisha, mtu yule mzito, mzee wa kanisa, akaushika kwa mikono miwili juu ya kichwa na kujining'iniza, mabuti yote mawili yakaacha ardhi. Alining'inia pale, uso mwekundu, macho yamefumba, kwa muda mrefu kuliko jaribio lolote la chuma linavyohitaji. Duane alitazama mahindi. Mwega haukutikisika.

Gaylen akashuka. Akavua kofia, akafuta jasho, akaivaa tena.

"Rangi ile ile?" akauliza.

"Ile ile."

"Haya basi. Tukate."

Wakakata mchana kutwa. Bodi la tela la Merlyn lilipanda na kushuka, likapanda na kushuka, na kila liliposimama juu kwa ajili ya kusafishwa mtu mmoja alitia mwega, ama Orlin, ama Duane, bila kuambiwa. Mambo yaliyozungumzwa siku hiyo ni unyevu wa mahindi, na kama mke wa Duane ataleta pai. Alileta.

Jioni Orlin alilivuta tela kulipeleka kwa Gaylen, ambako wangeanzia kesho yake. Njiani aliona kwamba bonde limechakaa ghafla. Kwa Duane, kamba ya kuanikia nguo ilikuwa imelegea mpaka mashuka yakawa yanafagia nyasi. Mlango wa banda lake la kuku ulizuiwa kwa tairi. Kibao cha kanisa, kile chenye maneno ya kuwakaribisha wote, kilikuwa kimelala upande, kana kwamba mtu ameondoa kitu nyuma yake. Na uani kwa Gaylen, lango la ndama lilikuwa limefungwa kwa kamba za plastiki, limeinama kuelekea barabarani, ndama mmoja tayari ametoa kichwa. Karibu yake yaliegeshwa matela mawili ya Gaylen. Kila moja lilikuwa na mwega wa njano kwenye fremu, na kila mwega ulikuwa na udongo mbichi upande mmoja.

Gaylen alimkuta anatazama.

"Lango lako limelegea," Orlin akasema.

"Naona," Gaylen akasema.

Aliporudi nyumbani, mama yake alikuwa amesimama mlangoni na kisu cha kumenyea.

"Tawi limeanguka."

"Limevunja paa?"

"Limevunja mfereji wa maji na limenitisha. Nilikuambia usiutoe ule mwega." Akarudi jikoni, ambako kila bakuli la nyumba lilikuwa limejaa matufaha. "Walikuja?"

"Walikuja."

"Walisemaje?"

"Gaylen aliuliza habari za rangi."

Mama Borghild akanyanyua kikombe chake, akakichukua kile kikaratasi kilichokuwa chini yake, akafutia maji ya matufaha yaliyomwagika mezani, akakitupa pamoja na maganda.

"Menya haya," akasema, "halafu ukakamue. Ng'ombe wameanza kulia."

Orlin akavuta kiti, akachukua tufaha la kwanza.